Uvimbe wa katikati ya shingo ulitolewa, majibu yakaja na kansa ya tezi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Newala. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo ana miezi saba na bado ananyonya. Nakuandikia usiku huu wote wamelala, maana mchana nyumba imejaa washauri.

Tangu usichana wangu nilikuwa na kiuvimbe katikati ya shingo, chini ya kidevu, juu kidogo ya koromeo. Hakikuwa kinauma. Nilipochezwa unyago kungwi wangu alikishika akasema kitaondoka nikizaa. Nilizaa, hakikuondoka. Mimba ya pili kikaanza kukua. Nikimeza kinapanda, nikitoa ulimi nje kinapanda pia, watoto wa jirani wakawa wananiomba niwafanyie wacheke. Baada ya kujifungua kikavimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto. Hospitali moja huku kusini walinipa dawa za vijidudu, kilipopoa wakanipasua. Daktari alisema ni uvimbe wa majimaji wa kuzaliwa nao, akakata kinyama kupeleka kupimwa Dar es Salaam. Alisema ni utaratibu tu, nisiwe na wasiwasi.

Majibu yalichelewa mpaka nikasahau. Juzi juzi nikapigiwa simu niende. Daktari hakuwepo, nesi akanipa karatasi akaniambia, "Ni kansa ya tezi, rudi kesho." Shangazi, usiku ule sitausahau. Karatasi imeandikwa kasinoma ya papilari, ukubwa sentimita 0.8, imetoka kwenye nyama ya tezi ya thairoidi iliyokuwa ndani ya ukuta wa uvimbe, na kingo hazina ugonjwa. Kesho yake nikapimwa ultrasaundi ya shingo. Wakasema tezi yangu iko mahali pake na haina kitu.

Hapo ndipo sielewi. Kama tezi yangu ni nzima, hiyo kansa ya tezi imefikaje chini ya kidevu? Ina maana imeshasambaa? Daktari alisema huenda nikafanyiwa operesheni nyingine ya kutoa tezi yote, halafu nikapewa dawa ya mionzi ya kumeza kwenye hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam. Foleni nje ilikuwa ndefu, nikaona haya kumrudisha nyuma kwa maswali.

Nyumbani kila mtu na lake. Mume wangu ni mtu mpole lakini anasema salfa tumeshapuliza, mikorosho imeshika maua vizuri, tusubiri mnada wa kwanza mwezi wa kumi ndipo tuwe na nauli na pesa ya matibabu. Mjomba, na wewe unajua kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, anasema kansa ikishaguswa na kisu inachachamaa, kwa hiyo hakuna kisu tena, nipelekwe kwa mtaalamu wake Tandahimba. Mama mkwe anasema maziwa yangu yana kansa, ameshanunua maziwa ya kopo. Jirani anasema ni salfa. Mwingine anasema ni chumvi, kwa sababu sisi tunatumia ile ya mabwawani isiyo na madini joto, yaani iodini.

Na mimi nilikuwa nataka mtoto wa tatu. Niambie ukweli, hata kama ni mchungu.

Mama wa wawili, Newala

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na hasa pole kwa kupewa karatasi ya namna ile mlangoni, bila mtu wa kukaa nawe kitako akakueleza.

Naanza na maziwa, maana huyo mdogo ananyonya leo na hawezi kungoja nimalize mengine. Kansa haipiti kwenye maziwa kwenda kwa mtoto. Mnyonyeshe. Hata ukipasuliwa tena, ukishaamka vizuri kutoka kwenye dawa ya usingizi utamrudisha kifuani. Kitu kimoja tu katika haya uliyotajiwa ndicho kinachokatisha kunyonyesha, nacho ni ile dawa ya kumeza ya Ocean Road, iodini yenye mionzi. Titi linalotoa maziwa huivuta iodini na kuipitisha kwa mtoto, kwa hiyo mama anatakiwa awe ameacha kunyonyesha angalau wiki sita kabla ya kuinywa, na mtoto huyo harudishwi tena kwenye titi baada ya hapo. Lakini hakuna aliyeamua bado kwamba utaihitaji, na nitakueleza kwa nini naona huenda usiihitaji. Kumwachisha sasa ni kumnyima mtoto kwa ajili ya dawa ambayo huenda isije. Mwambie mama mkwe ahsante, kopo likae kabatini.

Sasa swali lako kubwa. Hapana, kansa yako haikutoka kwenye tezi ya chini ikapanda juu. Ilizaliwa palepale ilipokutwa, na nyama iliyoizaa imekuwa pale tangu ukiwa tumboni mwa mama yako.

Tezi ya thairoidi haianzii shingoni. Mimba ikiwa na kama wiki nne, tezi inaanza kuumbika kwenye shina la ulimi, kule nyuma kabisa. Kutoka hapo inashuka taratibu kupitia katikati ya shingo, inapita karibu na kifupa kidogo cha juu ya koromeo kinachoitwa haioidi, na kufikia wiki ya saba hivi inakuwa imefika mahali pake mbele ya bomba la hewa. Nyuma yake inaacha mfereji mwembamba ambao hutakiwa kufunga na kupotea. Fikiria mchukuzi aliyebeba gunia la korosho lenye tundu: gunia linafika ghalani, lakini njiani pamebaki punje. Kwa watu kama saba katika kila mia, masalia ya mfereji huo hayapotei, na wengi wao wanaishi mpaka uzee bila kujua. Kwa baadhi, mfereji unajaa majimaji na kuwa uvimbe kama wako. Ndiyo maana ulipanda ulipotoa ulimi, kwa sababu ulikuwa umefungwa kwenye ulimi na ile njia ya zamani. Wale watoto wa jirani walikuwa wanatazama kipimo ambacho madaktari hukifanya kliniki.

Punje iliyobaki njiani ni tezi kamili kwa tabia, ila imekaa pasipo pake. Inaweza kutengeneza homoni, inaweza kuvimba, na mara chache inaweza kuota kansa, kama ambavyo tezi ya mahali pake inaweza. Kati ya uvimbe mia wa aina hiyo, kansa hukutwa kwenye mmoja hivi, na karibu kila mara huwa ni hii hii ya papilari, ambayo katika kansa za tezi ndiyo inayokwenda polepole zaidi na inayopona vizuri zaidi. Kwa kawaida daktari haitegemei, wala mgonjwa haoni tofauti. Inajulikana pale tu kinyama kinapopelekwa maabara. Kwa hiyo yule daktari aliyesema "ni utaratibu tu" alikufanyia jambo kubwa. Wapo wanaopasuliwa uvimbe kama huu na nyama ikatupwa, wasijue walichokuwa nacho mpaka kirudi.

Niseme na jambo ambalo kwako limeshapita salama, kwa faida ya wengine wanaosoma. Kuna watu ambao tezi yao haikushuka kabisa, imebaki kwenye shina la ulimi au katikati ya njia, na kwa wengi wa hao hiyo ndiyo tezi pekee waliyo nayo. Inapobaki kwenye ulimi, watu kama saba katika kumi hawana nyingine shingoni. Daktari akiikata akidhani ni uvimbe wa kawaida, mgonjwa anaamka hana tezi, na baada ya wiki kadhaa anaanza kuhisi baridi mchana wa jua, anachoka, anavimba uso, na kama ni mtoto akili na urefu vinadumaa. Kwa hiyo ultrasaundi ya kuhakikisha tezi iko mahali pake inatakiwa ifanywe kabla ya kisu. Wewe ulifanyiwa baada, na bahati nzuri ipo. Mwenye mtoto mwenye uvimbe wa katikati ya shingo aombe kipimo hicho kwanza, tena bila kuona haya.

Turudi kwako, kwenye hilo neno "huenda" ambalo daktari amekuachia.

Yapo maswali mawili na watu wanayachanganya. La kwanza: je, operesheni ya kwanza ilikamilika? La pili: je, tezi ya chini nayo itolewe? Usikubali kujibiwa la pili kabla la kwanza halijajibiwa.

Uvimbe wa mfereji huu hautolewi kwa kuuchomoa wenyewe tu. Daktari wa upasuaji Mmarekani, Walter Sistrunk wa Mayo Clinic, alieleza mwaka 1920 kwamba lazima utoke pamoja na sehemu ya katikati ya kile kifupa cha haioidi na njia yote inayopanda hadi shina la ulimi. Mpaka leo operesheni hiyo inabeba jina lake. Ukichomoa uvimbe peke yake, mara nyingi unarudi, wakati mwingine hata kwa nusu ya wagonjwa. Ukifanya kama Sistrunk, wanaorudiwa hawafiki mmoja katika kumi. Sasa fikiria njia ile ilikuwa na kansa: kipande kilichobaki hutaki kibaki. Wako ulikuwa umetoka kuvimba kwa usaha, na hapo mara nyingi nyama zinashikana na kazi inakuwa ngumu. Nenda hospitali ileile, omba kwa adabu nakala ya maelezo ya operesheni, na uulize neno moja: "Je, kifupa cha haioidi kilikatwa katikati?" Hata karatasi ya maabara inaweza kukuambia, kwa sababu huandika mwanzoni walipokea nini, kama walipokea kipande cha mfupa kitatajwa. Kama jibu ni hapana, operesheni ya pili inayozungumzwa kwanza ni ya kumalizia hiyo ya juu, wala si ya kuondoa tezi.

Kuhusu tezi yenyewe, madaktari hawakubaliani wote, na sitakudanganya kwamba wanakubaliana. Wanaopenda kuitoa wana hoja zao. Kwa baadhi ya wagonjwa kansa nyingine ndogo hukutwa ndani ya tezi ya chini. Pia iodini yenye mionzi haifanyi kazi inavyotakiwa kama tezi bado ipo, maana tezi nzima ndiyo itakayoimeza. Na kipimo cha damu cha thairoglobulini, kinachotumika kufuatilia kama ugonjwa umerudi, hakina maana kubwa wakati tezi nzima inaendelea kuitengeneza. Hoja hizi zina uzito pale uvimbe wa kansa unapozidi sentimita moja au moja na nusu, umetoboa ukuta wa uvimbe na kuingia nyama za jirani, umefika kwenye matezi ya limfu ya shingo, tezi ya chini ina vinundu, au mtu alipigwa mionzi shingoni utotoni.

Wewe, kwa hiyo karatasi uliyoniandikia, una sentimita 0.8, kingo safi, tezi isiyo na kinundu, na miaka 31. Kwa mtu wa namna hiyo mabingwa wengi huona operesheni ya Sistrunk iliyofanywa vizuri inatosha, kisha ufuatiliaji wa ultrasaundi. Mimi niko upande wao, na sababu yangu si ya vitabuni tu. Kutoa tezi yote ni kumeza vidonge vya homoni kila siku mpaka mwisho wa maisha. Ni kupima TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya tezi inatosha, mara kwa mara, na dawa ikiisha dukani Newala ni kupanda gari kuitafuta Masasi au Mtwara. Pia kwenye tezi unapita mshipa wa fahamu wa sauti, ukiguswa sauti inakwaruza, na nyuma yake zimejificha tezi ndogo nne za kalsiamu. Zikiumia vidole na midomo vinawaka ganzi, na misuli inakaza. Kwa daktari anayefanya kazi hiyo kila wiki madhara hayo ni machache. Lakini gharama kama hiyo mtu huilipa akiwa na sababu, na sababu yako wewe bado sijaiona. Mwulize hivi: "Daktari, kwangu mimi ni kitu gani kinachofanya tezi itolewe?" Daktari mzuri hatachukia. Akikuonyesha sababu, mfuate.

Na hapa kuna kitu kimoja cha kubana. Waliposema ultrasaundi "haina kitu", je, waliangalia tezi tu, au waliangalia na matezi ya pembeni, kulia na kushoto, hadi juu chini ya taya? Kansa ya papilari ikitembea, inapita huko kwanza. Zamani kinundu cha pembeni ya shingo chenye chembe za tezi kilidhaniwa nacho ni tezi iliyopotea njia tangu tumboni. Leo daktari makini anakihesabu kuwa ni tezi la limfu lililofikiwa na kansa mpaka athibitishe vinginevyo, na anakichoma sindano kukinyonya chembe. Kama ripoti yako haitaji matezi ya pembeni, ultrasaundi irudiwe. Na hata yakikutwa na ugonjwa usikate tamaa: kwa kansa hii, mtu aliye chini ya miaka 55 ambaye haijafika mbali kama kwenye mapafu au mifupa huhesabiwa yuko hatua ya kwanza, hata matezi yakiwa yameguswa. Ila hapo mimi mwenyewe nitabadili kauli na kukuambia tezi itoke.

Ikitokea ukaambiwa iodini ni lazima, utapewa masharti ya chakula ya wiki moja hadi mbili kabla, na kwa mtu wa kusini yanauma: hakuna samaki, hakuna pweza, hakuna dagaa wa baharini, hakuna chumvi ya madini joto wala ya bahari, maziwa na mayai navyo vinapunguzwa au kuachwa. Ugali, kisamvu kisichotiwa chumvi hiyo, ming'oko na kunde hazina neno. Ukishainywa, siku kadhaa hulali na watoto wala hukai karibu na mjamzito. Inatosha kwa sasa, usianze kuogopa kitu ambacho hujaandikiwa.

Chumvi na salfa nitazijibu haraka. Chumvi isiyo na madini joto inaleta goita, na mjamzito akikosa madini joto ubongo wa mtoto tumboni unaumia, kwa hiyo nunua ile ya pakiti kwa ajili ya watoto wako, hata kama ya mabwawani ni rahisi na iko jirani. Lakini siyo iliyokuletea hii. Salfa inawasha macho na kukaba kifua, mume wako afunge pua na mdomo anapopuliza. Nayo haimo katika visababishi vya kansa hii. Kisababishi kinachojulikana vizuri ni mionzi ya shingoni utotoni, na wengi wanaoipata hawajawahi kupigwa mionzi yoyote. Hukufanya kosa.

Sasa mjomba.

Usibishane naye. Kauli ya kwamba kansa inachachamaa ikiguswa na kisu haikutoka hewani. Watu wetu wengi walifika hospitali wamechelewa, wakafunguliwa, ugonjwa ukakutwa umeenea, wakafungwa na kurudishwa nyumbani kufa. Aliyeona mazishi akahesabu kisu. Mjomba wako ameona mazishi ya namna hiyo, naamini. Yako ni kinyume: kisu kimeshapita, kimetoa, na karatasi inasema kingo safi. Mpe kazi inayomfaa mwenye kauli. Mwambie, "Mjomba, naomba unisindikize, mimi nikisikia neno kansa masikio yanaziba." Mwenye kauli akisikia kwa masikio yake kwa daktari, atarudi nyumbani na maneno ambayo wewe ungeyasema asiyakubali. Nimeona wazee wagumu wakilainika wakishapewa kiti mbele ya daktari.

Huko Tandahimba, dua na kombe ukitaka, sina neno. Ninachokataza ni shingo kuguswa: chale, kuchoma, kupaka unga juu ya kovu, kukanda. Kidonda kikiingia vijidudu, matezi ya shingo yanavimba, na anayekupima baadaye hajui kama yamevimba kwa chale au kwa kansa.

Mume wako na mnada wake hayuko mbali na ukweli. Kansa hii haiendi mbio. Operesheni ya pili, kama ipo, ikingoja wiki kadhaa au mwezi mmoja miwili mpaka korosho ziuzwe, kwa hali yako kama ulivyoieleza haiharibu kitu. Sikubali tu kwamba na maswali yangoje. Maelezo ya operesheni unayapata kwa nauli ya hapohapo. Ultrasaundi ya matezi ya pembeni inaweza kufanywa mkoani. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mtwara, omba rufaa ya kwenda kumwona daktari bingwa wa upasuaji au wa masikio, pua na koo. Omba pia vipande vya kinyama vilivyohifadhiwa kwenye nta maabara visitupwe, maana Dar wanaweza kutaka kuvisoma upya. Ukiwa na hayo mkononi, tarehe ya kungoja iandikwe na daktari, isiandikwe na bei ya korosho. Na kungoja kunavunjika siku ileile ukiona sauti imekwaruza bila mafua, chakula kinakwama, pumzi inabana, au kinundu kipya pembeni ya shingo kinachokua.

Pesa ikipungua, kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda kabla hujatajiwa deni, usisubiri mpaka uko wodini. Na kama mtafika Dar, msikilize mama mkwe akikusimulia safari za zamani: kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mgonjwa wa kusini alikuwa akilala kando ya Mto Rufiji kungoja kivuko. Leo basi linatoka alfajiri na unafika siku hiyohiyo, kwa hiyo nauli ndiyo kikwazo, njia siyo tena.

Umeuliza mwisho kuhusu mtoto wa tatu, na naona ndilo swali lililokuwa moyoni tangu mwanzo. Ndiyo, unaweza kuzaa. Kama utabaki na tezi yako, subiri tu hili la sasa lifungwe na daktari aridhike na kipimo cha kwanza cha ufuatiliaji. Ukipewa iodini yenye mionzi, mimba isubiri miezi sita hadi mwaka mmoja. Hao ulionao usiwahofie: hii ya papilari kwa kawaida haiendi kwa ukoo, na kansa ya tezi inayojulikana zaidi kwa kurithiwa ni ya aina nyingine, ambayo hata haitoki kwenye masalia ya mfereji kama wako.

Na ikiwa tezi itatolewa, mimba nayo inawezekana, ila siku ukikosa hedhi usisubiri kliniki ya mwezi wa nne. Nenda mara moja upime TSH, maana dozi ya homoni mara nyingi inabidi ipande kwa robo au zaidi tangu wiki za mwanzo. Mtoto anaitegemea ya kwako kabla yake haijaanza kazi. Homoni inamezwa alfajiri tumbo tupu kwa maji, chai nusu saa hadi saa moja baadaye. Vidonge vya kuongeza damu utakavyopewa kliniki vinaizuia isiingie mwilini, kwa hiyo vipishanishe kwa saa nne au zaidi: homoni alfajiri, vya damu usiku.

Shangazi